Figo ya Moraa

Moez aliuliza swali, na jibu likaja kabla mtu yeyote hajafungua mdomo.

"Mwili ukiishiwa maji, figo inafanya nini?" aliuliza, kadi mkononi.

"Inayabana," ilisema sauti. "Ubongo unatuma homoni, mirija midogo ya figo inafungua milango yake, maji yanarudi kwenye damu. Mkojo unatoka kidogo, mzito, kama chai iliyolala."

Jibu lilikuwa sahihi. Moez aliweka alama kwenye kadi, kisha akainua macho. Alimtazama Elinaza, Elinaza akamtazama Moraa, na Moraa, aliyekuwa anatafuna mkate, akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imetokea kwenye kabati la makoti, karibu na mlango.

"Televisheni ya jirani," alisema Elinaza. "Endelea."

Hiyo ilikuwa Januari ya 2011, mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto, kwa kina Elinaza, ghorofa ya kumi na moja. Zilikuwa zimebaki siku nane kufikia mtihani wa biolojia wa darasa la kumi na mbili. Mama yake Elinaza alikuwa nesi wa zamu ya mchana, kwa hiyo baada ya shule sebule ilikuwa yao. Waliita kusaidiana. Ukweli ni kwamba Elinaza Mbwambo hakuwahi kumsaidia mtu. Aliwakusanya wenzake jinsi mwingine anavyokusanya vioo, ili ajione. Moez, ambaye wazazi wake walikuwa Wahindi wa Dar es Salaam, alivumilia kwa kuwa ni mpole. Moraa, Mkisii aliyefika Toronto miaka mitatu nyuma, alivumilia kwa kuwa alitaka kusomea unesi, na alama zake hazikutosha.

"Hata ini na kongosho huvitofautishi," Elinaza alimwambia jioni hiyo. "Wewe ukiwa nesi utaua watu."

"Si ndio nasoma, Eli. Nieleze tena pole pole."

"Nimeshaeleza. Mimi siufundishi ukuta."

Moraa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipia nafasi yake kwenye kochi, akaandika kitu daftarini ambacho hakikuwa na maana.

Kesho yake sauti ilijibu mara tatu. Moez alifungua kabati akakuta makoti tu, mabuti yenye chumvi ya barabarani, na harufu ya bucha asubuhi, kabla sakafu haijaoshwa. Alisema anateremka kwao kuswali. Moraa alikwenda chooni. Saa kumi na moja jua lilikuwa limekwisha, na Elinaza akabaki peke yake bila kuwasha taa.

"Wewe ndiye mwenye akili," ilisema sauti, chini chini.

Alipaswa kukimbia. Mtu mwenye akili kweli angekimbia. Yeye alifurahi kutambuliwa.

"Umejuaje haya yote?" alinong'ona.

"Kitabu chenu kimeandikwa na watu waliochungulia. Mimi nimekaa humo. Naweza kukufundisha. Lakini hapa kuna baridi, mama. Nataka pahali penye damu."

"Kwangu huingii."

"Basi nipe pengine."

Maji ya choo yalisikika. Elinaza aliangalia mlango wa chooni, na akasema maneno ambayo hakuna aliyemlazimisha kuyasema: "Mchukue Moraa. Kichwa chake kitupu, nafasi ipo."

Kabatini, kitu kilimeza mate.

Moraa alitoka chooni akifuta mikono kwenye sketi. Aliketi. Moez aliporudi akamuuliza swali la kwanza, alijibu. La pili pia, na la kumi. Alijibu kwa Kiswahili kilichonyooka, kisicho chake, bila kupepesa macho.

"Umesoma jana usiku?" Moez alishangaa.

"Sisomi," alisema Moraa. "Nakumbuka."

Siku nne zilizofuata Elinaza aliishi na uchungu mpya: alikuwa wa pili. Na kilichomuuma, mtu asidanganywe, hakikuwa hali ya rafiki yake. Ni kwamba mwalimu aliyemwahidi sasa alimdharau mbele za watu. "Umekosea tena," kinywa cha Moraa kilimwambia. "Unakariri kama kasuku. Hujui hata kilichomo tumboni mwako." Moraa alikuwa haleti tena mkate. Hakunywa maji. Uso wake ulianza kujaa, macho yakawa mistari miwili, na soksi zilimwachia mifereji miguuni. Moez alimsihi aende kwa daktari. Alikwenda, akarudi na ushauri wa kupumzika hadi mtihani upite.

Siku ya tano, theluji ikigonga dirisha na sebule ikiwa kimya, Moraa alimshika Elinaza mkono. Vidole vilikuwa vimevimba, vinabonyea.

"Eli," alinong'ona, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndogo, imetoka mbali. "Eli, nani huyu ako ndani na mimi? Nitoe. Tafadhali nitoe."

Kisha macho yalitulia, na ile nyingine ikarudi.

"Figo ya kushoto nimeizima juzi," ilisema kwa upole wa mwalimu. "Ya kulia naizima leo. Kitabu chenu kinasema atakwenda siku ngapi? Nataka kuhakikisha."

Moez alishika simu. "Naita ambulensi."

"Ita. Watafika. Nitakuwa nimeshamaliza."

Moez aliita hata hivyo, kisha akatoka mbio, na Elinaza akabaki na kile kilichovaa uso wa Moraa, akisikia mabomba ya joto yakigonga ukutani, akisikia pumzi nzito iliyojaa maji, akisikia hata moyo wake mwenyewe, kwa kuwa sauti ilikuwa imeanza kumhesabia mapigo, mia na kumi, mia na kumi na tisa, mia na thelathini, ikimweleza taratibu ni tezi gani imemwaga nini kwenye damu yake, na kila ililosema lilikuwa kweli, na ile harufu ya bucha ilikuwa imejaa hadi kwenye ulimi wake.

Moez alirudi na Bi Kulsum wa ghorofa ya tisa, mwanamke wa Tanga aliyeshonea watu pindo za suruali kwa riziki yake na kusomea wenye majini wakimwita. Sindano zilikuwa bado zimechomwa kifuani mwa gauni. Hakusalimia. Alipanda kiti, akakivisha king'ora cha moshi kofia ya kuogea, akateremka, akatia ubani kwenye chetezo.

"Umeingiaje kwa mtoto huyu?"

"Nimepewa."

"Nani kakupa?"

Kinywa cha Moraa kilitabasamu, kikamgeukia Elinaza.

Bi Kulsum alimwangalia msichana huyo kama anavyoangalia kitambaa kilichooza. "Sema ulichosema. Neno kwa neno. Naye asikie."

"Ilikuwa utani tu, bibi, mimi sikujua kama..."

Jini akacheka. Miguu ya Moraa ilivimba mbele yao hadi kiatu kimoja kikachanika mshono.

"Wewe!" Moez alipiga kelele. "Sema!"

Elinaza alisema. Alitaja kabati, ahadi, na choo. Alisema "kichwa chake kitupu, nafasi ipo," na machozi yalimtoka, ingawa hata hapo alikuwa anajililia mwenyewe. Bi Kulsum alimwamuru aongeze: "Mwili huu si wangu. Sikuwa na haki ya kuutoa. Narudisha neno langu."

Alirudia mara tatu, na Bi Kulsum akisoma juu yake kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mara ya tatu, mlango wa nje ulifunguka wenyewe. Kitu kikapita koridoni kikiburuza mabega ukutani, taa zikazima moja baada ya nyingine hadi kwenye lifti, kisha zikawaka.

Moraa alijikojolea. Mkojo ulimtoka mwingi, ukalowesha kochi na zulia, na Bi Kulsum akainua mikono. "Alhamdulillahi. Zinafanya kazi. Zote mbili."

Watu wa ambulensi walimkuta akilia na kuomba maji. Walipokuwa wanamfunga kwenye machela, Elinaza alisogea.

"Moraa..."

Moraa alimtazama. Macho yalikuwa yake kabisa, mekundu, yamechoka. "Nilisikia, Eli. Kila kitu," alisema. Halafu akamgeukia Moez. "Pigia mamangu. Twende."

Wakaondoka. Bi Kulsum alikuwa anazima makaa sinkini. Elinaza alimwendea.

"Bibi, na mimi nisomee. Si lilianza kwangu? Lilinisemesha mimi kwanza. Huenda lilinishika, ndiyo maana nikasema vile."

Bi Kulsum alimwaga majivu, akafuta chetezo kwa pindo la kanga yake, bila haraka.

"Hapana, binti," alisema. "Wewe hakuna aliyekuingia."