Bastola Mkobani mwa Bibi Earline

Kila Jumapili baada ya ibada, wajukuu wa Bibi Earline huuchakura mkoba wake. Humo pipi hazikosekani. Hapa kwetu Misisipi, bibi asiye na pipi mkobani ni bibi gani huyo? Lakini tangu afiwe na mumewe, mkoba ule ulikuwa na bastola pia, tena yenye risasi.

Jumapili moja sisi majirani tulikuwa kwake, tunapakua kuku. Tukasikia mlio sebuleni. Tukamkuta Jamiyah, wa miaka minne, sakafuni, risasi imempasua kiganja. Mungu wangu, damu ile!

Hospitalini, Bibi Earline alinivuta kando. "Nitasema ni wahuni. Shanelle akijua ni bastola yangu, hataniachia mtoto tena."

Shanelle ni binti yake, mama wa Jamiyah. Alikuwa njiani kutoka kazini. Nami, jirani mwoga, nikaitikia kwa kichwa.

Muuguzi Corliss akaja na fomu. "Mama, risasi ilitoka wapi?"

"Barabarani. Wahuni walipita na gari."

Corliss hakuandika. "Mama, fomu hii haina jina lako. Tunahesabu majeraha ya risasi kama tunavyohesabu surua, tujue yanaanzia wapi. Mwaka huu huyu ni mtoto wa sita. Watano walikuta bunduki nyumbani, chini ya mto au kwenye droo. Ukinidanganya, wa saba tutamzuiaje?"

Shanelle akaingia mbio. "Nani kampiga mwanangu?"

Bibi Earline akamgeukia. "Ni bastola yangu. Ilikuwa mkobani."

Shanelle akampita, akaenda kwa mwanawe.

Corliss akaandika: nyumbani, mkobani, haikufungiwa. Kisha akatueleza. "Toa risasi. Fungia bastola kwenye kisanduku cha chuma, na risasi zifungie kwingine. Ufunguo mtoto asiuone."

Kwa hesabu ile, idara ya afya ilileta visanduku makanisani. Bibi Earline alisimama mbele yetu, akasema yote. Wengine wakaguna.

"Mnaguna nini? Haya, fungueni mikoba yenu!"

Hakuna aliyefungua. Lakini kina mama kumi na wanane waliondoka na visanduku, na mwaka ukaisha bila mtoto wa saba.

Jamiyah alipona, ila vidole viwili havikunjiki. Miezi mitano Shanelle hakumleta. Bibi Earline alikonda, jamani.

Kisha Jumamosi moja wakaja wote wawili. Shanelle alikagua kila droo, akainua kila mto, akajaribu kufuli la kisanduku mara mbili.

"Mama, nitamfuata saa kumi," akasema.

Akaondoka peke yake.