Uji Alioukataa Derick

"Kula!"

Derick akafunga mdomo kama kufuli.

Magdalena alikuwa amechoka. Kila asubuhi ugomvi ulikuwa uleule. Alitia sukari. Alibembeleza. Alitishia fimbo. Mtoto aligeuza uso, uji ukamwagikia kanga. Kliniki walisema uzito wake umeshuka, na mama alikuwa hapati usingizi.

"Unga wa lishe huu!" alifoka. "Mahindi, karanga, mbegu za maboga, vyote nimetia. Unataka nini tena, pilau ya harusi?"

Mama mkwe wake akacheka. "Ukaidi wa baba yake huo. Bulugu naye alinitemea uji."

"Mama, wewe unacheka, mtoto anakwisha!"

Jirani yao Jovina akaingia. Yeye ni mhudumu wa afya hapo kijijini Nyantakara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Jovina alionja uji, akautema.

"Magdalena, umeuonja huu?"

"Kwani mimi mtoto?"

"Unanuka mafuta yaliyoharibika. Unga ulisagwa lini?"

"Tangu mavuno. Mashine iko mbali. Mkokoteni wa ng'ombe ukienda, tunasaga vyote pamoja, vya msimu mzima."

Ndoo ya unga ilikaa jikoni, karibu na moto.

"Hapo ndipo mlipokosea," Jovina alisema. "Mbegu nzima ina walinzi wake. Protini zake na vitu vingine vya ndani huzuia mafuta yasiharibike upesi, kama rangi inavyozuia bati lisishike kutu. Ukiisaga, hewa inapenya kote. Walinzi wanazidiwa."

"Na tumboni je, hao walinzi wanafanya nini?" Magdalena akauliza.

"Protini hizo hujenga mwili. Wataalamu wanachunguza kama zinaukinga pia usichakae. Lakini ni chakula, si dawa."

"Maneno tu! Mbegu ni zilezile."

Bibi yake Derick akainuka. Akashusha kibuyu kilichoning'inia juu ukutani. Ndani mlikuwa na mbegu za maboga za kupanda, za mavuno yaleyale. Hazikutiwa dawa. Akamenya moja, akampa mkwewe.

Magdalena akatafuna. Tamu! Akaitazama ndoo, hasira zikamgeukia mwenyewe.

"Siku zote namfokea mtoto, kumbe mwenye akili ni yeye!"

"Chukua konzi moja," bibi akasema. "Za kupanda haziliwi, lakini mwaka huu nitapanda pungufu."

Jovina akaelekeza. "Zenye ukungu tupa. Nzuri kaanga kidogo bila mafuta, zisiungue. Twanga za leo tu, zilainike kabisa, utie kwenye uji wa unga wa mahindi matupu; huu wa ndoo acha. Na kliniki usiache."

Derick alinusa. Akaonja. Akalamba bakuli. Kliniki iliyofuata, uzito ulikuwa umeanza kupanda.

Mavuno mengine yalipofika, Bulugu alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Akamkuta mkewe amekalia gunia la mbegu za maboga, anamlisha mtoto.

"Shuka, mashine itafungwa!"

"Mahindi peleka. Mbegu hizi haziendi popote. Derick, mwambie baba yako."

Derick alimgeukia baba yake. Mdomo aliufunga vilevile, ila safari hii ulikuwa umejaa uji.