Kikopo cha Gaudensia

Ndugu zangu wa Gehandu, mnaonijua mnajua sinyamazi. Leo nitataja jambo mnaloona aibu kulitaja, nalo ni choo cha mgonjwa. Anayetaka kuziba pua azibe, mradi masikio ayaache wazi.

Gidamis, mfugaji jirani yangu, aliishi vizuri na mkewe Gaudensia, binti wa wakulima wa Mbulu. Asubuhi mke akikamua, mume alishika ndama, na vicheko vyao tulivisikia hadi kwetu. Kisha Gaudensia akaanza kuharisha damu na kukonda. Hospitalini Haydom walimwingiza kamera ya tumbo, wakakuta utumbo mpana umevimba na una vidonda. Ugonjwa wenyewe ni wa kudumu, ila dawa huutuliza.

"Hatutakuingiza kamera kila mara," daktari alimwambia. "Utaleta choo kidogo kwenye kikopo, tukipime. Utumbo ukianza kuvimba, choo huonyesha mapema, mara nyingine hata kabla hujaumwa. Hapo tunarekebisha dawa."

Kipimo hakina sindano wala maumivu! Nani angekikataa? Mama mkwe alikikataa. Alimwita mwanawe kando ya zizi.

"Uchafu wa mke hautoki kwenye boma hili," alisema. "Mwenye husuda akiupata atamfunga kizazi. Unataka kukosa watoto?"

Gidamis alimpenda mkewe, lakini alimwogopa mama yake. Siku ya kupeleka kikopo, Gaudensia alikuwa ameanza kuona damu tena, hana nguvu ya safari, mume akajitolea kwenda peke yake. Njiani akaingia kichakani, akamwaga cha mke, akafukia, akajaza cha kwake! Daktari alipouliza kama mgonjwa anaona damu, akajibu hapana, maana mambo hayo ya mke hayasemwi mbele ya mtu baki. Majibu yakatoka kwamba utumbo umetulia kabisa. Ungeachaje kutulia? Ulikuwa utumbo wa Gidamis, anayekunywa maziwa na kulala fofofo. Daktari akapunguza dawa.

"Mbona damu inazidi?" Gaudensia alimuuliza mumewe.

"Kipimo kimesema unaendelea vizuri."

Naye akaamini, maskini. Nikikumbuka hapo hasira hunipanda mpaka leo. Asubuhi moja alianguka akiwa anakamua, maziwa yakamwagika yote. Mama mkwe akataka aitwe mganga.

"Mganga simtaki," Gaudensia alisema akiwa pale chini. "Nipelekeni Haydom."

Daktari alitazama majibu ya mwanzo, akamtazama mgonjwa, akatikisa kichwa. "Choo kile hakiwezi kuwa cha mtu huyu."

Gidamis akalia mbele za watu. "Kilikuwa changu, daktari. Niliogopa atalogwa."

"Ukanikinga na uchawi," mkewe alimwambia, "halafu ukataka kuniua kwa mkono wako."

Aliongezwa damu, akaanzishiwa dawa upya, na taratibu mwili ukarudi. Siku ya kipimo kingine ilipofika, alijaza kikopo, akakifunga vizuri na kuelekea mlango wa boma. Mama mkwe alikuwa amesimama pale.

"Shikamoo mama."

"Rudisha hicho ulichobeba."

"Sirudishi. Utumbo ni wangu, na kaburi lingekuwa langu pia. Anayetaka kuniloga anifuate stendi, basi linakaribia kuondoka."

Mama akamgeukia mwanawe. Gidamis akaja akasimama upande wa mkewe, nilimwona. "Mama," akasema, "mpishe mke wangu apite."

Mama akasogea. Gaudensia akapita, nami nikapiga vigelegele bila kuombwa, na anayenuna na anune!

FUNZO

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukipewa kikopo, jaza cha kwako na jina lako liwe juu yake, kwa sababu kipimo kitasema habari za mwenye choo hicho tu. Ukiulizwa kuhusu damu, sema kweli. Usiache wala kupunguza dawa bila daktari, hata ukijisikia vizuri. Na ninyi akina mama wakwe, nawaamkia kwa heshima zote, ila mkizuia mlangoni tutapita. Aibu tuliyonayo juu ya matumbo yetu imetuzikia watu wa kutosha. Mimi nimekataa kuendelea kuzika.