Kitambaa cha Kijani Kwenye Kichanja

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, Eufrasia na mama yake Recho walishuka kutoka Gungu hadi ufukoni Kibirizi kuanika dagaa. Mama alinunua kwa wavuvi, Eufrasia akaosha, kisha wote wawili wakawatandaza juu ya vichanja, zile meza ndefu za miti zilizofunikwa kwa wavu. Eufrasia alikuwa na miaka kumi na mitatu, mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Huo ulimi ulikuwa umeshamletea mama yake wageni wengi wa kulalamika.

Jumamosi hii alishuka peke yake. Mdogo wake Gervasi, mtoto wa miezi minane, alikuwa amelazwa siku ya tatu kwa malaria kali. Mama alikuwa naye wodini, akilala sakafuni juu ya turubai lao la kufunikia dagaa. Jana yake jioni alikuwa amepiga simu kwa jirani, na Eufrasia akaitwa kuzungumza naye.

"Mvuvi atakupa ndoo mbili, nimeshazungumza naye," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kabisa. "Kichanja chetu kipo, nilikifunga Jumatatu kwa kile kitenge cha parokia. Mwanangu, dagaa hao wakiharibika, sijui dawa za mdogo wako nitazipata wapi."

Kufunga kichanja ni desturi ya pale. Mwezi unapong'aa sana dagaa hawavuliwi, na ufuko hulala. Giza likirudi na uvuvi ukianza upya, kila mwanamke hufunga kitambaa chake kwenye mguu wa kichanja, na hapo panakuwa pake mpaka mbalamwezi irudi. Hakuna anayeandika jina, na hakuna anayegusa cha mwenzake.

Eufrasia alikiona kitambaa cha kijani mstari wa kwanza, karibu na maji. Akashukuru Mungu, akatandaza dagaa wote.

Alikuwa anamalizia ndoo ya pili alipofika Mama Jeremia na mabeseni yake mawili. Mama Jeremia alikuwa mwanamke wa miraba minne. Mwaka uliopita alimkamata ukosi dalali mmoja mjeuri, akamtembeza mpaka barabarani huku watu wakipiga vigelegele.

"Shikamoo, Mama Jeremia."

"Marahaba. Binti, hicho kichanja ni changu."

"Si chako! Kitambaa cha mama hicho hapo!"

"Kiangalie vizuri, mwanangu."

"Nimekiangalia! Kwa kuwa mama yangu yuko hospitali ndiyo mnataka kutunyang'anya? Mwizi wewe!"

Wanawake wote ufukoni wakageuka kutazama. Mama Jeremia aliinua mkono, na Eufrasia akafumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua macho, mkono ule ulikuwa umeshika beseni.

"Kichanja ni changu," Mama Jeremia alirudia polepole. "Lakini dagaa wako waache hapo hapo, wakauke." Akatandika turubai lake mchangani, akaanika dagaa wake chini, mahali ambapo wangeshika mchanga na wanunuzi wangewakataa.

Eufrasia alijiona mshindi. "Ameogopa," akajisemea. "Angekuwa na haki angeniachia?"

Saa nne alikwenda bombani kuchota maji ya kunywa. Mstari wa tatu, kwenye kichanja kitupu, kulikuwa na kitambaa kingine cha kijani. Kilikuwa kitenge kile kile, kile ambacho akina mama wote wa parokia walishonea sare kwa fundi mmoja kule Mwanga na kugawana vipande vilivyobaki. Lakini hiki kilikuwa kimepindwa ukingo kwa uzi mwekundu. Mama yake alipinda kila kitambaa chake kwa uzi mwekundu.

Alitaka kwenda kumwambia Mama Jeremia, lakini aliona aibu. Akarudi kwenye dagaa akijifanya anawageuza, huku machozi yakimdondoka.

Kabla ya saa sita milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa ilipotea. Wingu zito lilikuwa linakuja, na upepo ukaanza kurusha mchanga. Wanawake wakakimbilia maturubai yao. Eufrasia hakuwa na turubai. Alikimbia kwa huyu na yule.

"Mama, naomba nisaidie! Naomba hata kipande!"

"Nimsaidie anayetuita wezi?" mmoja akamjibu bila kugeuka.

"Langu lanitosha mimi tu," akasema mwingine.

Tone la kwanza lilimpiga usoni. Eufrasia alilala kifudifudi juu ya kichanja, akinyoosha mikono ili awafunike dagaa kwa mwili wake, akilia kwa sauti. "Gervasi! Ee Mungu, Gervasi atakufa!"

Kisha akasikia kishindo cha miguu. Mama Jeremia alikuwa amewazoa dagaa wake na kuwarudisha kwenye mabeseni wakiwa bado wabichi, na sasa alikuwa anakuja akiburuta turubai lake.

"Ondoka hapo, utawaponda."

"Mama, kichanja ni chako!" Eufrasia alipiga kelele katikati ya mvua. "Chetu ni kile cha mstari wa tatu!"

"Najua. Shika hiyo kona."

Walishika kona wote, mpaka mvua ilipopita. Ndoo mbili za Recho zilipona. Lakini beseni moja la Mama Jeremia lilikuwa limeshaanza kunuka, wakalimwaga. Eufrasia aliosha dagaa wa lile lililobaki na kuwaanika yeye mwenyewe. Saa tisa mama yake alipiga simu kwa Mama Jeremia: homa ya Gervasi imeshuka, ameanza kunyonya.

Eufrasia alikaa mchangani, akalia upya. "Kwa nini hukunipiga? Nilidhani unaniogopa."

Mama Jeremia alicheka kidogo. "Nikuogope wewe? Mkono ulishapanda, ulishuhudia mwenyewe. Nilimwomba Yesu aushike. Angeweza kuwaangamiza waliomtemea mate, lakini hakufanya hivyo. Nguvu alikuwa nazo, akaziweka mikononi mwa Baba yake. Huo ndio upole, Eufrasia. Mtu mnyonge ananyamaza kwa sababu hana la kufanya. Mpole analo, lakini hasira haimwendeshi. Na mpole hasemi uongo ili kupendwa. Mara mbili nilikwambia kichanja ni changu, na ungeniuliza mara ya tatu ningekwambia."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini uliniita mwizi mbele ya watu wote, na hapa tuko wawili tu."

Eufrasia alielewa. Alinyanyuka, akaenda kichanja baada ya kichanja. "Nilikosea. Mama Jeremia si mwizi. Kichanja kilikuwa chake."

Kwenye kichanja cha nne msichana wa rika lake, Yusra, aliangua kicheko. "Leo umenyooka! Ule mdomo wako umeuacha wapi?"

Jibu lilimjia Eufrasia upesi, jibu kali la kumnyamazisha Yusra mwezi mzima. Lilimfika mpaka kwenye meno. Akalimeza, akavuta pumzi, akamtazama Yusra machoni.

"Nilikosea," alisema. "Mama Jeremia si mwizi."

Kisha akaenda kichanja cha tano.