Kurasa za Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, nilifuta vumbi kwenye dawati letu, nikatoa daftari na kuandika ukurasa mmoja. Niliandika upande wa kulia tu. Upande wa kushoto ulikuwa wa rafiki yangu Peris.

Tulianza hivyo tukiwa Gredi ya Sita, hapa Kitale. Hadithi yetu ilihusu wasichana wawili, Simbi na Wairi, waliojua kufungua pango lililofichwa katika Mlima Elgon. Jiwe la mlangoni halikusogea mpaka wote wawili waweke viganja vyao kwa pamoja. Peris aliandika ya Simbi kushoto, mimi ya Wairi kulia. Darasa zima lilisoma kitabu hicho kwa zamu hadi jalada likachanika.

Peris alifariki mwezi wa Februari kwa homa ya mapafu, akazikwa kwao Misikhu, Bungoma. Mwezi wa Mei nilianza kitabu cha pili peke yangu. Wairi alisimama mbele ya jiwe akiwa na kiganja chake kimoja. Kila nilipogeuza karatasi, niliacha upande wa Peris mtupu. Sikumweleza mtu sababu.

Jumatatu moja sikulipata daftari. Nilitafuta hata kwenye pipa la taka. Jumatano, Madam Cherop, mwalimu wetu wa Kiswahili, aliingia akitabasamu. Alisema amepata hadithi itakayosomwa siku ya wazazi, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mama yake Peris pia alikuwa amealikwa. Mwandishi, akasema, ni Zachary, kiranja wetu. Kisha akainua daftari langu.

Niliomba kuliona. Jina langu, Nyaruai, lilikuwa limekwaruzwa jaladani. Ndani, kurasa zote za kushoto zilijaa mwandiko wa Zachary. Simbi alikuwa akirusha moto na kuvunja watu shingo. Simbi wa Peris hakuwahi kumpiga mtu. Hata alipokutana na nyoka, alimwomba njia tu.

Nilimweleza Madam yote kwa sauti iliyosikika hadi darasa la jirani. Zachary alisema kwanza daftari ni lake, halafu kwamba aliliokota, halafu kwamba nusu ya kazi ni yake.

"Si kulikuwa na nafasi tupu, bana," akasema. "Mimi nimejaza tu. Kwani ulikuwa unamwachia nani?"

"Peris."

Zachary alikuwa amebeba shada la maua siku ya mazishi. Akaangalia chini.

"Sikujua," akasema.

"Na jina langu? Hilo pia hukulijua?"



Madam Cherop hakumfokea. Alimwagiza alete daftari jipya na kunakili kurasa zangu zote, upande wa kulia tu, kila wakati wa mapumziko. Ilimchukua siku sita. Hasira yangu haikuisha; nilimsimamia, nikamrudisha hata aliporuka nukta. Siku ya nne aliniuliza kama Wairi atafaulu kufungua pango. Nilimwambia aendelee kunakili.

Siku ya wazazi, Zachary alisimama mbele ya watu wote akasema hadithi ni ya nani na yeye alifanya nini. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuacha kitu. Kisha nikasoma kutoka daftari jipya. Kila nilipomaliza ukurasa wangu, nilinyamaza kwa muda wa ukurasa mmoja, ndipo nikageuza karatasi. Mara ya kwanza wazazi walikohoa. Mara ya tatu hakuna aliyejitikisa. Katika ukimya huo mama yake Peris, aliyeketi mbele, alisogeza midomo kana kwamba anasoma.

Nilipomaliza, Madam Cherop alitugeukia sisi wanafunzi.

"Kitu kukosa mtu karibu si kusema hakina mwenyewe," akasema. "Ulizeni kabla ya kugusa. Na mkikosea, semeni ukweli mara ya kwanza, si mara ya nne."

Mama yake Peris aliniomba daftari. Alilifungua pale Wairi alipokuwa bado amesimama mbele ya jiwe, akaweka kiganja chake kwenye ukurasa wa kushoto.

"Weka na chako, mwanangu," akasema.

Nikakiweka upande wa kulia.