Hewa Iliyobaki Kwenye Bomba

Mshale ulipanda. Ungeshuka, Mzee Geji angeuelewa, maana geji, kile kipimo cha msukumo wa maji bombani, ikishuka ujue maji yanatoroka mahali, na kazi ya fundi bomba ni kupatafuta. Lakini kupanda? Alikuwa amefunga koki kuu, ameziba midomo yote ya mabomba kwa plagi, amesukuma pampu ya mkono hadi sita, kisha akaketi mbali nayo juu ya ndoo aliyoipindua. Sasa mshale ulikuwa kwenye saba, na pampu hakuna aliyeigusa.

"Vipi, Baba?" binti yake aliuliza kutoka mlangoni mwa jikoni, mtoto begani. "Kunavuja?"

"Tulia kwanza, mwanangu. Kipimo ni saa nzima. Mambo ya bomba hayataki papara."

Kwa miaka thelathini aliwaambia wateja kwamba watu husema uongo na kuta husema uongo, ila geji haisemi uongo, ndipo wakambandika jina hilo. Leo mteja alikuwa mwanawe wa kumzaa. Tangu ahamie hapa, ukuta wa chumba cha juu ulitoa sauti ya maji yanayopita, hata siku ambazo maji ya mtaa mzima yamekatika. Kila sauti ilipopita, mtoto wake wa miezi miwili aliacha ziwa, akakodolea macho ukuta, akawa wa baridi. Nguo alizovalishwa siku ya kuzaliwa sasa zilimpwaya. Majirani walisema nyumba ina wenyewe.

"Wenyewe wake ni kutu na viungio vibovu," Mzee Geji alikuwa amejibu asubuhi, akamgusa shavu mjukuu aliyelala. "Mchumba wangu, nikiwepo mimi hakuna wa kukuchezea."

Sasa hakukalika. Aliinuka, akaketi, akainuka tena, akagonga kioo cha geji kwa ukucha. Mshale ulishuka hadi sita, ukapanda hadi saba, ukashuka tena taratibu. Akajipiga paji la uso.

"Kosa langu! Hewa imebaki ndani."

Kila fundi anajua kwamba kabla ya kupima unafungua koki ya juu kabisa, unaifungia mpira wa maji, unaupitisha dirishani, na hewa yote inatokea nje. Bwana mkubwa aliyemfundisha kazi alisisitiza neno hilo, nje, wala hakutaka kuulizwa sababu. Lakini koki ya juu ya nyumba hii ilikuwa bafuni, ubavuni mwa chumba cha mtoto, nayo ilipiga kelele ikifunguliwa. Alipofika asubuhi alimkuta mjukuu amelala, usingizi wake wa kwanza baada ya siku mbili. Babu alimshinda fundi, akairuka hatua hiyo.

"Baba," binti alinong'ona. "Amekuwa baridi tena."

Mzee Geji alitazama geji. Nane. Ukutani, juu ya vichwa vyao, kitu kilipita kwa mkwaruzo mrefu, kikielekea ghorofani.

"Baba, hapumui vizuri. Fanya haraka, nakuomba!"

Akanyakua spana akapanda ngazi mbilimbili, binti akimfuata nyuma kwa kuogopa kubaki peke yake, na mpira, ule mpira wa kupitisha dirishani, ukabaki chini kando ya ndoo, akaukumbuka akiwa tayari ameishika koki, akasema moyoni liwalo na liwe, akaizungusha, na hewa ikatoka ikilia, ikatoka ya moto, ikinuka tope na maziwa yaliyochacha, ikaendelea kutoka bila tone la maji kuifuata, muda mrefu kuliko hewa yoyote inavyoweza kukaa kwenye bomba la nyumba moja, hadi pazia la mlangoni likavimba kuelekea kwa binti yake, na mtoto akafumbua kinywa wazi kama anayetafuta ziwa.

Kisha kimya. Maji yakatiririka, safi na baridi.

Mtoto alikohoa, akapata joto, akashika ziwa la mama yake akanyonya kwa pupa ambayo hawakuwahi kuiona. Binti alilia kwa furaha. Mzee Geji naye macho yalimlowa, hakuona haya.

Aliifunga koki, akarudi jikoni, akaisukuma pampu upya hadi sita, akangoja saa nzima. Mshale haukutikisika. Basi akaifungua geji, akaifuta kwa kitambaa na kuhakikisha inasoma sifuri. Akapanda nayo mkononi kumuaga mchumba wake.

"Njoo kwa babu," alisema, akampakata kifuani. Mtoto alikuwa amelala, mzito kuliko asubuhi.

Mkono ulioshika geji ulikuwa chini ya mgongo wa mtoto. Haikuunganishwa na bomba lolote. Mtoto alivuta pumzi, mshale ukapanda hadi saba. Akatoa pumzi, ukashuka hadi sita. Akavuta tena.

"Baba, kuna nini?" binti aliuliza. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie hapa uso wake ulikuwa umekunjuka. "Kumevuja mahali?"

Mzee Geji aliitia geji mfukoni.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hakuna kilichotoka nje."