Salamu za Mtu Aliyekuja na Mvua

Harufu ilianzia jikoni kwa Priska, mchana kweupe: harufu ya blanketi lililolowa likasahaulika kwenye kona. Na kiangazi chote kile Igamba halikudondoka hata tone. Kahawa ilikuwa vichanjani inakauka vizuri, vumbi limejaa kila mahali. Priska akanusa masufuria, akanusa matambara, akamnusa mpaka mbwa. Hola. Akajisemea labda pua yake ndiyo mbovu, akaendelea kusonga ugali.

Jana yake walikuwa wamefanya kumbukumbu ya baba mkwe wake, Mchungaji Alinanuswe, na balaa liliingilia hapo. Mzee huyo alikuwa mchungaji wa jeshi wakati wa vita vya Kagera. Majeruhi walimtamkia barua za kwenda nyumbani naye akawaandikia, na wazazi wa waliokufa wakamjibu, hata vita vilipokwisha akarudi na sanduku la bati limejaa makaratasi. Mwanawe Jairo, mume wa Priska, alijivunia sanduku lile kuliko shamba la kahawa. Wageni wakija tu, kalifungua, anawasomea. Safari hii akachomoa bahasha ambayo hakuwahi kuigusa. Juu yake mzee alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Isisomwe mbele za watu.

"Baba Rozi, hiyo iache," Priska akamnong'oneza. "Mzee mwenyewe amekataza."

"Mzee alikuwa anawaogopa wakubwa wake wa jeshi," Jairo akacheka. "Na wao wameshakufa."

Jamani, mtu mbishi! Akasimama katikati ya sebule, akakohoa kidogo kama mtu wa mimbarini, akasoma: "Nawasalimu ninyi nyote wa nyumba hii. Nimetembea sana na nina baridi. Mchungaji amekataa kunichukua, lakini salamu zangu zitafika. Mkizipokea, nitakaa."

Basi, watu wa kanisa mnawajua. Salamu zikisomwa, ziwe za askofu au za kwaya kutoka Ruanda, mdomo hujibu kabla kichwa hakijafikiri. Sebule nzima ikaitikia kwa pamoja: "Tumepokea!" Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Rozi, binti yao wa darasa la kwanza, mpaka watu wakacheka.

Baada ya ile harufu zikafuata nyayo. Asubuhi Priska alikuta kahawa imelowa chapachapa juu ya vichanja, na chini yake alama za buti zimezunguka nyumba, zinaingia mlangoni, hazitoki. Mbwa alihamia kwa jirani akakataa kurudi. Na Rozi akaanza kusikia baridi. Mtoto akaota jua kutwa nzima, meno yanagongana, vidole vimekuwa vya buluu, na uji wa moto aliokunywa ulipoa mdomoni mwake. Zahanati walimpima malaria, hana. Wakampa dawa za kikohozi, wakamrudisha.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Priska alimuuliza siku moja alipomkuta ananong'ona peke yake.

"Na mgeni. Anasema mimi nina joto zuri."

Alasiri ileile ukungu ulishuka, na Priska alipokuwa amepiga magoti anakusanya kahawa alisikia buti nyuma yake, nzito, zimejaa maji, chwaa, chwaa, zikaja taratibu mpaka zikasimama kisogoni pake, naye hakuthubutu kugeuka, akaona tu maji yanadondoka pembeni ya bega lake juu ya udongo mkavu, tone baada ya tone, na ile harufu ya blanketi bovu ikamjaa kooni mpaka akataka kutapika, na pumzi ya baridi ikamgusa sikioni ikasema, bila haraka, kwa chuki ya mtu aliyefukuzwa kwenye milango mingi: "Mtoto huyu ni wangu. Mlinipa wenyewe."

Alikimbia akipiga yowe. Jioni hiyo ubishi wote ulimwisha Jairo. Alipanda pikipiki akamfuata Mzee Watson, mwinjilisti mstaafu, ambaye vitani alikuwa mlinzi wa hema la baba yake.

Mzee Watson aliitazama barua bila kuigusa. "Kumbe hakuichoma," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu huyu alikuja hemani mvua inapiga. Hana kikosi, hana jina. Mchungaji akakataa kwenda naye nyumbani, ila akamwandikia salamu zake akidhani ni askari. Alipoinua taa amtazame usoni, pale penye uso hapakuwa na kitu. Tulikesha tunamwombea atoke."

"Sasa mtoto wangu, babu?" Priska akalia. "Nitampoteza?"

"Atammaliza joto lote halafu akae humo ndani yake, yeye na wote aliowamaliza kabla. Lakini aliingia kwa neno, na kwa neno atatoka. Kila mdomo uliompokea lazima umkatae. Waiteni wote."

Wakaitwa. Wa Vwawa walikuja na basi dogo, na shangazi aliyekwama na biashara zake Tunduma alipigiwa simu, ikawekwa sauti kubwa mezani. "Watoto wasiyaone haya," Jairo akaamuru, na Rozi akapelekwa jikoni, akafunikwa mablanketi kando ya moto. Mzee Watson akasoma ile barua tena, na ilipofika mwisho sebule nzima ikapiga kelele: "Hatupokei!" Hata simu mezani ikasema, "Sipokei, ashindwe!"

Barua ikatupwa kwenye jiko la mkaa, ikalia kama nyama mbichi. Mlango ukajibamiza. Harufu ikakatika palepale, na kwa mara ya kwanza Priska akasikia tena harufu ya kahawa kavu. Watu wakakumbatiana, wakaimba, Jairo akalia machozi kama mtoto.

Priska naye alikuwa anaimba. Akamtazama mmoja mmoja, moyo umejaa shukrani: huyu alijibu siku ile, yule alijibu, shangazi alijibu. Halafu wimbo ukamkwama. Akakumbuka aliyejibu kwa sauti kuliko wote.

Alikimbilia jikoni. Moto ulikuwa umezimika, kuni zimelowa. Rozi amekaa wima, mablanketi yote yako chini, hatetemeki tena.

"Mwanangu, sema sipokei," Priska akamshika mabega, na baridi ya mabega yale ikamchoma viganja. "Sema mara moja tu, mama yangu. Sema sipokei."

Rozi akainua uso akamtazama, maji yakamdondoka kidevuni. Akafungua mdomo, na ndani ya kifua kile kidogo sauti nzito za wanaume wengi zikajibu kwa pamoja, kama kanisa zima:

"Tumepokea."